Taa Hafifu, Betri Nzima: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme

Kwa mvuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria, mwezi ndio kalenda ya kazi. Wakati wa mbalamwezi mwanga wa taa hauna nguvu ya kuwakusanya dagaa, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Siku za giza zikifika, mitumbwi hutoka Igombe, Kayenze, Ukerewe na kwingineko katika mwambao wa Mwanza, na usiku kucha ziwa huonekana kama mji wenye taa. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai. Katika miaka ya karibuni taa za betri, zenye diodi zitoazo nuru, zimechukua nafasi ya karabai katika sehemu nyingi za ziwa.

Karabai ilipofifia, mvuvi alijua pa kutazama: sindano iliyoziba, utambi uliotoboka au pampu isiyokaza hewa. Taa ya betri ikififia haionyeshi ugonjwa wake uko wapi. Ndipo linapozuka jambo ambalo mwanafunzi wa fizikia angepaswa kuweza kulieleza. Taa imefifia kabla ya usiku wa manane, na dagaa hawakukusanyika. Asubuhi betri inapimwa kwa multimita nayo inaonyesha volti 12.6, yaani imejaa. Taa inafungwa kwenye betri nyingine na inang'aa vizuri. Betri ni nzima na taa ni nzima, lakini vikiunganishwa tena vile vilivyokuwa, taa inafifia. Mwenye mtumbwi asiyejua la kufanya hununua betri mpya, na baada ya giza moja au mawili tatizo hurudi lile lile.

Kosa la kwanza limo katika kipimo chenyewe. Betri ilipimwa taa ikiwa imezimwa. Multimita ya kisasa ina ukinzani wa ndani wa omu milioni kadhaa, kwa hiyo mkondo unaopita ndani yake ni mdogo mno. Kwa kanuni ya Ohm, volti zinazopotea katika kiungo chochote ni mkondo mara ukinzani wa kiungo hicho. Mkondo ukikaribia sifuri, volti zinazopotea nazo hukaribia sifuri, hata kama kiungo kimeoza kwa kutu. Ndiyo maana hitilafu ya namna hii hujificha taa inapozimwa na hujitokeza inapowashwa. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa wakati mkondo unapita.

Sasa itazamwe taa yenyewe. Taa nyingi za volti 12 hujengwa kwa safu za diodi tatu zilizofuatana pamoja na kikinzani kimoja cha kudhibiti mkondo. Diodi moja ya nuru nyeupe huhitaji takriban volti 3.2, hivyo tatu huchukua 9.6. Kwa volti 12, zinazobaki kwa kikinzani ni 2.4. Ikiwa volti zinazoifikia taa ni 10.8 tu, diodi huendelea kuchukua karibu 9.6 zile zile, na kikinzani hubakiwa na 1.2. Volti zimepungua kwa sehemu moja katika kumi, lakini mkondo, na pamoja nao nuru, umepungua kwa nusu. Mvuvi anayelalamika kwamba taa imekufa nusu hakuongeza chumvi.

Ichukuliwe taa inayotumia ampea 3 inapopata volti 12. Taa ikiwa imewashwa, multimita yaonyesha volti 12.3 kwenye ncha za risasi za betri, na 10.8 kwenye taa. Volti 1.5 zimepotea njiani. Fundi asiye na utaratibu ataanza kufungua kila kiungo, na pengine ataharibu vilivyokuwa vizima. Njia bora ni kugawa saketi katika nusu mbili. Waya mmoja wa multimita huwekwa kwenye ncha chanya ya betri, na wa pili mahali waya chanya unapoingia katika taa. Kipimo ni volti 0.2. Upande huo, pamoja na fyuzi na swichi yake, hauna kosa kubwa. Kisha hupimwa upande wa hasi kwa namna ile ile, na kipimo ni 1.3. Upande huu husahauliwa sana, kwa sababu watu hudhani kwamba umeme "hutoka" kwenye chanya na kazi yake huishia kwenye taa. Mkondo ni ule ule kila mahali katika saketi ya mfuatano, na kiungo kibovu upande wa hasi huzuia sawasawa na kibovu cha upande wa chanya.

Kinachobaki ni kusogeza waya wa multimita. Unawekwa mmoja juu ya risasi ya ncha hasi, na mwingine juu ya kibanio kinachoishika ncha hiyo. Umbali wake haufiki sentimita moja, lakini kipimo ni volti 1.2. Hitilafu imepatikana. Mkondo uliokuwa ukipita ni ampea 1.5; kwa hiyo ukinzani wa mahali hapo ni omu 0.8, na nguvu inayopotea hapo ni wati 1.8, ambayo yaweza kukifanya kibanio kiwe na uvuguvugu. Mafundi wenye uzoefu hupapasa viungo kwa vidole kabla ya kutoa multimita, na fizikia inawaunga mkono.

Utaratibu huu wa kugawa nusu kwa nusu hauhusu taa peke yake. Mashine za kuchezea gololi zilizotengenezwa Chicago, Marekani, kabla ya vifaa vya elektroniki kuenea katika miaka ya mwisho ya 1970, ziliendeshwa kwa koili, relei na swichi nyingi mno za vipande vya metali vinavyogusana. Wanaozitengeneza hadi leo huanza kwa kushuku mahali metali zinapogusana kabla ya kuilaumu koili. Penye viungo 8 vilivyofuatana na kimoja ni kibovu, vipimo 3 hutosha kukipata. Penye viungo 128, vinatosha 7.

Kwa nini kibanio kikaoza? Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari ya Tanga, lakini mvuke wa asidi ya betri huishambulia metali na kuacha unga mweupe au wa samawati, ambao ni salfeti isiyopitisha umeme vizuri. Mara nyingine waya wa shaba hufungiwa kwa msumari wa chuma. Metali mbili tofauti zikilowa hufanya seli ndogo, na chuma ndicho kinacholiwa. Dawa yake si ghali. Betri hutenganishwa, kuanzia waya wa hasi. Unga huoshwa kwa maji yenye magadi bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Metali husuguliwa kwa msasa mpaka ing'ae, hukazwa, kisha hupakwa grisi kwa juu. Asidi ikigusa ngozi au jicho, ioshwe mara moja kwa maji mengi. Moto usikaribishwe, na karabai isiwekwe karibu na betri inayochajiwa, kwani hutoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo yaweza kulipuka. Majaribio haya yasifanywe kamwe kwa umeme wa nyumba wa volti 230.

Katika mfano wetu, kibanio kikisafishwa, ukinzani unaobaki katika nyaya, fyuzi na swichi ni omu 0.2. Mkondo hupanda kutoka ampea 1.5 hadi karibu 2.7, na taa hupata takriban volti 11.8. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wahakikishe hesabu hiyo. Kwa maabara isiyo na betri kubwa, zatosha seli mbili za tochi, balbu ya volti 2.5, na kikinzani cha omu 10 kilichofichwa na mwalimu ndani ya kiungo kilichozungushiwa utepe. Wanafunzi wapime kwanza balbu ikiwa imechomolewa, ambapo multimita itaonyesha volti 3 kamili hata nyuma ya kiungo kibovu, kisha wairudishe balbu na kupima tena.