SOMO: SIMU YA MTEJA AMBAYO HUKUIPOKEA

Somo letu leo ni la kazi za mikono, kwa maana wengi wetu hapa Nkoma, na ndugu zetu walioko Jinja, tunaishi kwa cherehani, kusuka nywele, kushona viatu na kuuza vitenge. Wengi hatuna duka barabarani. Duka letu ni namba ya simu.

Kukosa kupokea simu si kosa. Labda mikono ilikuwa na kazi, labda betri iliisha. Kosa liko katika saa zinazofuata.

Tuseme mama mmoja wa Jinja amekuagiza sare za watoto watatu, akatanguliza nusu ya pesa. Ijumaa anapiga mara mbili. Simu unaiona, lakini sare hazijaisha, unaona aibu, unasema moyoni, nitampigia zikiwa tayari. Je, yeye huko anawaza nini? Fundi mwenyeji akinyamaza, mteja anajua kwao ni wapi, atamfuata kwa wazazi wake. Sisi tukinyamaza, anasema: huyu mkimbizi amehama, amekwenda na pesa yangu. Ni neno chungu, lakini ndivyo wengi wanavyofikiri. Na halitakuangukia wewe peke yako. Fundi mkimbizi atakayefuata ataambiwa, ninyi hamwaminiki.

Basi mpigie kabla sare hazijaisha. "Mama, habari. Niliona simu yako. Sare mbili ziko tayari, ya tatu imebaki mikono. Nitazituma Jumanne asubuhi." Atakasirika kidogo, lakini ataweza kujipanga. Mtajie siku ya kweli. "Kesho" iliyosemwa mara tatu ni mbaya kuliko kunyamaza.

Sasa tuje kwenye kubipu, maana hapa ndipo tunapobishana sana. Mtafiti Jonathan Donner alichunguza jambo hili Rwanda, na mwaka 2007 akaandika kwamba kubipu kuna sheria zake ambazo watu wanazijua: mwenye pesa zaidi ndiye anayepaswa kupiga. Kati ya ndugu, sawa. Katika biashara mimi nasema tuigeuze: anayetafuta riziki ndiye apige, hata kama mteja ana gari. Ukimbipu mteja, unamwomba alipie kazi yako. Hesabu vocha ndani ya bei, kama unavyohesabu uzi na vifungo. Salio likiwa dogo, andika ujumbe mfupi, utaje jina lako na kazi yake.

Jambo jingine ni laini. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilifungua njia ya wakimbizi kusajili laini kwa karatasi zao za ukimbizi. Anayetumia bado laini ya jirani ajue kwamba mteja akituma pesa anaona jina asilolijua, anaogopa.

Lakini si kila namba ya kurudishia. Namba ya nchi ya mbali usiyoijua, iliyolia mara moja ikakatika, iache. Wako wezi wanaokula salio kwa njia hiyo.

Jioni hii, familia ikiwa pamoja, fungueni orodha ya simu zisizopokelewa za wiki hii. Ni ngapi za wateja? Nani kati yao alikwisha kulipa? Anzeni na huyo. Toleo lijalo tutajifunza kuandika daftari la oda.