Majeruhi Anapohamishwa Kutoka ICU Kwenda Wodi ya Kawaida

Wakazi wa Kata ya Kipawa huishi jirani na Barabara ya Nyerere, yenye magari, bajaji na bodaboda usiku na mchana. Majeruhi wa ajali aghalabu hufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana. Wenye majeraha makubwa ya kichwa, uti wa mgongo au mifupa hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Baadhi yao hulazwa ICU. Siku daktari anapoamua kuwahamishia wodi ya kawaida, ndugu hufurahi. Hata hivyo, kuhamishwa ni dalili ya nafuu, si ya kupona.

Mgonjwa huhamishwa anapopumua bila mashine, presha yake ikiwa imetulia bila dawa za kuipandisha, na fahamu zake haziporomoki. Fahamu hupimwa kwa alama 3 hadi 15, kwa kutazama anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo. Mwenendo wa alama huzingatiwa kuliko alama moja: mwenye 12 isiyobadilika kwa siku kadhaa aweza kuhamishwa, na mwenye 14 inayoshuka akabakizwa.

Kinachobadilika zaidi ni uangalizi. ICU, muuguzi huhudumia mgonjwa mmoja au wachache, na vipimo huonekana muda wote. Wodini, muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, na vipimo huchukuliwa baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo wauguzi wa pande zote mbili hukabidhiana mgonjwa kwa maneno na kwa maandishi: majeraha, upasuaji uliofanyika, dawa na saa ya dozi ya mwisho, mirija iliyobaki, na dalili za kuangaliwa.

Familia nayo ina wajibu wake:

1. Chakula. Mrija uliokaa kooni hudhoofisha umezaji. Uji aliopewa kwa mapenzi waweza kuingia mapafuni. Asilishwe kabla muuguzi hajaruhusu.

2. Kumgeuza. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo. Aliyeumia shingo au mgongo asiguswe bila usimamizi wa muuguzi.

3. Kuweweseka. Baadhi ya waliotoka ICU huchanganyikiwa au huona visivyokuwepo. Hali hiyo hutokana na ugonjwa, dawa na kukosa usingizi. Si kurogwa, wala si sababu ya kumtorosha hospitali. Azungumzwe naye kwa upole, atajiwe siku na mahali alipo.

4. Dalili za hatari. Kupumua kwa shida, usingizi mzito usio wa kawaida, kutapika, jasho baridi, damu kuvuja au mguu mmoja kuvimba: muuguzi aitwe papo hapo, bila kungoja raundi ya daktari.

Inafaa familia imteue ndugu mmoja wa kupokea maelekezo ya wauguzi na kuwafikishia wenzake. Maelekezo yakipita midomo mingi, anayeumia ni mgonjwa.