Anayemwuguza Mama Naye Aulizwe



Mama mzazi wa bwana amepatwa na kiharusi, naye ameletwa kutoka mashambani akae nanyi Likoni. Bwana ameamua hivyo, na ni vyema. Lakini je, bibi aliulizwa? Maana ndiye atakayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, ndiye atakayemketisha na kumlisha uji kijiko kwa kijiko asije akapaliwa.

Siku ya kliniki mnavuka feri hadi Coast General kisiwani. Bwana anaingia kwa daktari, bibi anabaki nje na kikapu. Daktari anauliza: mgonjwa hulaje? Hulala? Amekosa dawa ya presha mara ngapi? Bwana atajibu nini, naye hutoka alfajiri kwenda Changamwe na kurudi usiku? Anajibu "sawasawa", na daktari anaandika sawasawa. Bwana, mwache mkeo aingie. Tena ombeni mwonyeshwe nyote wawili namna ya kumwinua mgonjwa pasipo kuumia mgongo.

Na mama mwenyewe je? Kiharusi chaweza kumnyang'anya mtu ulimi na kumwachia akili zake. Msizungumze juu ya kichwa chake kana kwamba ni gunia. Zito zaidi ni kuogeshwa. Kwa wengi wetu mkwe kumwona mavyaa uchi ni aibu, na mwana wa kiume ndiyo kabisa. Muulizeni. Mtajieni majina mmoja mmoja, afinye mkono kwa yule amtakaye. Huenda akamchagua bintiye aliyeolewa Kisauni. Basi wifi aje, wala asije kama mgeni wa kuandaliwa chai!

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chataja heshima kwa wazee, na matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali pia. Kama mama ameandikishwa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ni zake. Zisigeuke sukari ya nyumba bila yeye kujua.

Nawe bibi, usinyamaze hadi hasira ikutokee chumbani. Watoto wakishalala, mwambie mwenzako waziwazi: nimechoka, Jumapili nataka kwenda Misa ya pili na kukaa na wenzangu wa jumuiya bila kuangalia saa. Bwana, wewe nenda ya kwanza, kisha ubaki. Uji uko jikoni, mketishe kwanza.