Kabla Hujasaini Mkataba wa Msimu

Nyumbu wakikaribia kuvuka Mto Mara pale Kogatende, kambi za kitalii za Serengeti huongeza wapishi, wahudumu na madereva kwa mikataba ya miezi michache. Kule Nyamongo, Tarime, vijana wengi huingia kazini kupitia wakandarasi wenye tenda mgodini, nao tenda ikiisha huwa wamemaliza. Mimi sina ugomvi na mikataba ya namna hii, mradi tarehe ya mwisho iwe imeandikwa.

Ukikuta maneno "hadi msimu utakapoisha", weka kalamu chini. Msimu wa nani, wa nyumbu au wa wageni? Omba siku, mwezi na mwaka. Kwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007, mkataba wa muda maalumu hufa wenyewe siku yake ikifika, isipokuwa wenyewe umesema vinginevyo. Usingoje barua ya kuachishwa.

Chukua nakala yako palepale. Piga picha kila ukurasa, umtumie mtu wa nyumbani, maana simu hutumbukia mtoni.

Penye utata ni kuongezewa mkataba. Mwajiri akikunyima, unaweza kudai kwamba ulikuwa na sababu ya kutarajia, lakini kuthibitisha ni juu yako. Kuzoeana na meneja si ushahidi. Ushahidi ni mikataba ya nyuma iliyoongezwa mfululizo, au ujumbe wake wa "jiandae, Julai tunaendelea". Usiufute ujumbe huo hata simu ikijaa. Na tarehe ikipita ungali unapangiwa zamu na kulipwa, huenda mkataba umejihuisha wenyewe. Hata hivyo omba barua.

Ukikatishwa katikati bila kosa, dai mishahara ya miezi iliyobaki. Mahakama Kuu imekwisha kuikubali hoja hiyo.

Mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, pale Musoma, kwa Fomu Na. 1. Hapo wengi hujikwaa. Aliyekatishwa katikati huandika kuvunjwa kwa mkataba, na ana siku 60. Aliyenyimwa nyongeza aliyoitarajia huandika kuachishwa isivyo haki, naye ana siku 30 tu. Mwajiri apelekewe nakala kwanza, asaini kuipokea. Karatasi yenye sahihi hiyo ndiyo unayopanda nayo basi la Musoma.