Kutafuta Kasoro Kabla ya Kutengeneza: Somo la Sayansi kwa Kamera ya Zamani

Mojawapo ya wajibu wa mwalimu wa shule ya msingi ni kumzoeza mtoto kutafuta sababu ya jambo kabla ya kulitolea uamuzi. Kifaa kilichoharibika husaidia sana katika kazi hiyo, kwani hakikubali jibu la kubahatisha. Makala haya yanaeleza jinsi kamera mbovu ya zamani inavyoweza kufundishia sayansi katika darasa la sita au la saba, hasa katika shule za Mbeya na Iringa.

Kifaa chenyewe

Kamera tunayoikusudia hutumia filamu pana ya namba 120, ambayo kampuni ya Kodak ya Marekani iliitoa mwaka 1901 na ambayo hutengenezwa hata leo. Upana wake ni kama sentimeta 6. Filamu moja hutoa picha 12 za sentimeta 6 kwa 6, au picha 8 za sentimeta 6 kwa 9. Nyuma yake pana karatasi yenye namba, zinazosomwa kupitia kidirisha chekundu.

Kamera ya kukunja ya aina hii ina sehemu tatu kubwa. Lenzi hukusanya mwanga. Shata, yaani kijilango cha mabamba membamba, hufunguka na kujifunga kwa muda uliopimwa. Mvukuto, yaani kasha lenye mikunjo, huzuia mwanga wa nje usiifikie filamu.

Hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini hugusa sehemu zote tatu. Unyevu, hasa wa Rungwe ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, huotesha ukungu katika lenzi na kuozesha ngozi ya mvukuto. Baridi ya Juni na Julai hugandisha grisi kuukuu, na shata ikawa nzito.

Matayarisho

Azima kamera kwa mpiga picha mstaafu au kwa familia iliyoitunza. Mweleze mwenyewe kazi unayotaka kuifanya, na uahidi kutoifungua kwa bisibisi. Andaa kurunzi ndogo, uzi, jiwe dogo, karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia na kitambaa cheusi. Filamu haihitajiki.

Hatua za somo

Kwanza, wanafunzi waone kamera inavyofanya kazi. Fungua mgongo wa kamera, tandaza karatasi ya mafuta mahali pa filamu, kisha acha shata wazi. Elekeza lenzi kwenye mti ulio juani na ufunike nyuma kwa kitambaa. Mti utaonekana kichwa chini miguu juu. Waulize sababu kabla hujawaeleza kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka.

Pili, wasome dalili. Kama mwenye kamera anazo picha zilizoharibika, wazipange mezani. Doa likiwa mahali pale pale katika kila picha, yaelekea mwanga unapenya ndani ya kamera. Likiwa ukingoni mwa filamu tu, huenda filamu ilitiwa au kutolewa juani. Picha zote zikiwa zimepauka, shata ishukiwe.

Tatu, wapime mvukuto. Katika chumba chenye giza, ingiza kurunzi ndani ya mvukuto ulionyooshwa. Wanafunzi watazame kwa nje, hasa kwenye pembe za mikunjo. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Waichore mahali pake daftarini.

Nne, wapime shata. Funga jiwe kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, kuanzia unapofungwa hadi katikati ya jiwe. Likibembea kidogo, huchukua karibu sekunde 1 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Weka shata kwenye sekunde 1, ifyatue, na wanafunzi walinganishe mlio wa kufunguka na wa kufunga na mwendo wa jiwe. Warudie mara tano asubuhi na mara tano mchana. Shata ikichukua sekunde 2 asubuhi na ikakaribia 1 mchana, baridi na grisi ndivyo vya kushukiwa. Sekunde 2 ni mwanga mara mbili ya uliotakiwa.

Matengenezo

Mwenye kamera akikubali, tundu dogo la mvukuto lizibwe kwa kipande chembamba cha kitambaa cheusi na gundi ya mpira, na mvukuto uachwe umenyooshwa mpaka ukauke kabisa. Kidirisha chekundu kifunikwe kwa utepe mweusi, kifunuliwe kivulini tu wakati wa kusogeza filamu. Filamu nyingi za leo huharibiwa hata na mwanga mwekundu. Shata isitiwe mafuta: hutambaa hadi kwenye mabamba na kuyagandamanisha. Hiyo ni kazi ya fundi. Lenzi isifutwe kwa nguo yenye vumbi, maana mkwaruzo hauondoki.

Somo kwa mwalimu

Ndugu mwanachuo, uwe Klerruu au Mpuguso, njia hii utaihitaji kila siku ya kazi. Mtoto akiandika kwamba 402 kutoa 178 ni 376, usiseme kuwa ni mzito. Tazama: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa. Kosa lake liko mahali pale pale, kama doa lile la picha, nalo linaonyesha kwamba hajaelewa kukopa. Mwalimu asiyetafuta kasoro humrudisha mtoto huyo kwenye hesabu zote, au humwadhibu, na kasoro ikabaki. Kamera iliyotiwa mafuta ovyo yaweza kusafishwa na fundi. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hawezi ni kazi ngumu zaidi kumrudisha.

Mazoezi

1. Andaa somo la dakika 40 juu ya hatua ya nne tu. Ni maswali gani matatu utakayouliza kabla ya kupima?

2. Kwa nini shata ipimwe mara tano, si mara moja?

3. Kusanya makosa kumi ya kutoa kutoka madaftari ya darasa moja wakati wa mazoezi ya kufundisha. Yapange kwa sababu zake, kisha ueleze utakavyoondoa kila sababu.