Kuanza kikundi cha muziki bila vyombo

Vikundi vingine vinatuambia: "Sisi tunapenda ule muziki wa Beethoven na wenzake, lakini hatuna vyombo wala pesa." Basi leo tujifunze kutoka Kinshasa, Kongo.

Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, aliwakusanya waumini wenzake wa kanisa la Kimbangu, wakaanza okestra. Fidla zilikuwa chache kuliko watu. Mmoja alipiga kidogo, akampa mwenzake, akangoja zamu tena. Uzi ukikatika, wanafunga waya wa breki ya baisikeli. Tunadhani sauti haikuwa tamu sana, lakini mazoezi hayakusimama. Albert Matubanza, mmoja wao, akajifunza kuunda vyombo yeye mwenyewe. Wengi walikuwa watu wa kazi za kawaida, hata wachuuzi wa sokoni, wanakuja jioni wamechoka. Baadaye walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Tuangalie sana ile zamu. Sisi wenyewe tuliwahi kuchanga tukanunua kinanda, ati kikakaa nyumbani kwa mweka hazina chini ya kitambaa. Mwaka mzima wengine hawakukigusa. Mmoja mmoja wakaacha kuja, na mchango wao hawakurudishiwa.

Zungumzeni katika kikundi:
Ni nani kati yetu anayesoma nota, hata kidogo tu?
Chombo kitalala wapi, na ufunguo atashika nani?
Uzi ukikatika mkononi mwa mmoja, nani atalipa?