MFEREJI WA WENGI, KIHAMBA CHA MMOJA

Wataalamu huzigawa desturi za watu mafungu mawili: watu watangulizao ukoo na jirani, na watu ambao kila mmoja hujikatia shauri lake. Mholanzi mmoja, Geert Hofstede, alilipima jambo hili kwa majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi, akaipa Marekani alama 91 na Afrika ya Mashariki 27 tu. Je, Mchagga yu katika fungu lipi?

Tutazame kwanza mfereji. Maji ya Kilimanjaro hushushwa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani, ikipita kando ya magenge na mabonde. Hapana mtu awezaye kuuchimba peke yake, wala kuutengeneza ukibomolewa na masika. Kwa hiyo, kwa desturi, mfereji una mzee wake. Watu huitwa kazini, na asiyekuja hutozwa faini au hunyimwa zamu ya maji.

Lakini maji yakiisha kuingia kihambani mambo hubadilika. Kihamba ni cha nyumba moja, na migomba yake, na kahawa yake, na makaburi ya wazee wake. Mpaka wake ni masale, wala jirani hakati mkungu pasipo ruhusa. (Na jani la sale lile lile ndilo apelekalo mtu akitaka kuomba msamaha kwa aliyemkosea.)

Katika kahawa hayo mawili yalikutana. Mibuni ni ya mtu, bali kuuza kulifanywa kwa pamoja: chama cha KNPA kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933. Watu walipolazimishwa kuuza kwa KNCU tu, na bei ikawa duni, palizuka ghasia mwaka 1937. Wako waliosema kwamba Wachagga hawapendi ushirika. Mimi sioni hivyo. Mferejini kila mtu huyaona maji yakija kwake. Hesabu za kahawa ziliandikwa mbali naye.

Wanunuzi wengine waliporuhusiwa katika miaka ya 1990, wako waliowauzia wapate fedha mkononi, ada ya shule ikiwadai. Na wako waliobaki na chama. Wote walikutana tena mferejini na majembe yao.